Magodoro 40 Usita wa Mui

Bosi wangu wa kwanza alikuwa hapeleki barua za hasira. Alizisema tu. Mimi nikaandika, yeye akatia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, kisha akagonga bakora sakafuni: "Peleka sasa hivi!" Nikaitika, "Naam, Mzee," nikaitia barua ndani ya mtoto wa meza, nikaendelea na shughuli zangu.

Ujuzi huo sikuzaliwa nao. Wiki yangu ya kwanza pale ofisini (tulikuwa na nyumba tatu za wageni hapa Lamu, mbili Mkomani na moja Shela) nilipeleka kweli. Ilikuwa barua ya kumwita fundi wa mashua mwizi, mwana wa mwizi, na mashua zake masufuria yanayovuja. Nikaibeba kwa miguu jua la saa saba, nikamkabidhi fundi mkononi, nikarudi natoka jasho na najisikia mchapakazi. Nikamkuta Mzee barazani na kikombe cha kahawa, ametulia kama maji mafu.

"Waraka ule umeupeleka?"

"Nimeupeleka, Mzee."

Kikombe kikasimama hewani. Kumbe yule fundi ni shemeji yake. Ikabidi wazee watatu na sinia ya halua waende kuomba radhi, na sinia niliibeba mimi.

Tangu siku ile, miaka sita, barua ya hasira nililaza siku tatu. Siku ya tatu Mzee angeuliza bila kunitazama, "Waraka ule umeupeleka?" "Bado, Mzee." "Alhamdulillahi. Uchane." Nilichana matusi ya nusu ya kisiwa.

Kisha Mzee akastaafu, wanawe wakatuletea Madam kutoka Nairobi. Madam alikuwa mtu wa kasi. Alipita vichochoroni kama anayekimbilia matatu, katika mji ambao mwenye haki ya njia ni punda. Siku ya kwanza akaniambia, "Mimi nikisema, nimesema." Nikaandika maneno hayo daftarini nikayapigia mstari. Sikuyatilia maanani sana, maana Mzee naye alikuwa akiyasema kila asubuhi.

Sasa tuje kwenye magodoro.

Madam alikuwa ameagiza magodoro 40 kwa muuzaji mmoja Mombasa. La sampuli likatangulia. Tukalitandika juu ya meza, akalibonyeza kwa kidole gumba. Shimo likaingia. Akaondoa kidole, shimo likabaki. Tukalitazama shimo lile sote wawili, tukilisubiri lirudi, kama watu wanaosubiri boti. Halikurudi.

Madam akapiga meza: "Mwandikie huyo tapeli sasa hivi! Oda nimeifuta. Akileta maneno, tutaonana kortini!"

Nikaandika barua pepe nzuri, kali, yenye adabu kwa mbali. Kidole kikaenda kwenye kitufe cha kutuma. Lakini masikioni bado ulikuwa ukilia ule mpigo wa meza, na mimi mpigo huo nilishausikia miaka sita kwa bakora. Kidole kikarudi chenyewe. Nikaihifadhi kwenye rasimu, nikajisemea: huyu naye ni wa siku tatu.

Jioni ile Madam akavuka Manda kupanda ndege ya Nairobi. Siku ya tatu nikakaa karibu na simu ningoje aulize. Hakuuliza. Nikasema basi, huyu amesamehe mapema kuliko Mzee. Mapenzi yangu kwake yakaongezeka.

Siku ya tano simu ikalia kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara. "Dada, mzigo wenu umefika. Wapi tupakue?"

Lori lilikuwa limeyabeba magodoro yale Malindi, Garsen, Witu, njia yote ile, bila mtu yeyote kuliambia lirudi. Mashua ikayavusha ikafika gatini maji yamekupwa, vijana wakawa wanayapandisha ngazini moja moja, ngazi zenyewe zina utelezi wa mwani. Nilikuwa nimesimama pale juu nikihesabu na kusoma dua, ndipo boti ya Manda ikafunga ubavuni. Akashuka Madam.

Akasoma jina letu limeandikwa kwa kalamu nyeusi juu ya kila nailoni. Akanisoma mimi. Hakusema kitu, na afadhali angesema.

Nikaona njia ya kuokoka ni kuyaondoa machoni pake haraka. Nikakodi punda 20. Mwenye punda, kwa kutaka kumaliza kwa mkupuo, akalaza magodoro mawili mawili kwa mapana juu ya kila mnyama. Nikamwambia hayatapita. Akanijibu yeye kazi hii ameirithi kwa babu yake. Labda babu yake hakubeba magodoro.

Tukaingia Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Njia zetu zinampokea punda mwenye magunia, na mtu akibana ukutani wanapishana. Punda wa kwanza akafika kati ya duka la fundi cherehani na baraza iliyo mkabala nalo, godoro likagusa ukuta huku na ukuta huku, pap, akanasa. Wa nyuma hawakuambiwa, wakaendelea kuja. Mmoja akaegemeza kichwa kwenye godoro la mwenzake akafumba macho. Nilikuwa namwonea wivu.

Mwenye punda akapendekeza tubomoe pembe ya baraza kidogo. Nikamwambia mji huu ni Urithi wa Dunia tangu 2001, na sitaki UNESCO nao waniandikie barua. Watoto wa chuo cha Kurani wakatoka, wakayapata magodoro. Sitaeleza.

Na kwenye baraza ile ameketi nani? Mzee. Kahawa mkononi, kwato za punda karibu na makubazi yake. Akatazama magodoro, akamtazama Madam anayefoka nyuma ya msafara, kisha akaniinamia.

"Mwanangu, umeitia kwenye mtoto wa meza?"

"Naam, Mzee."

Madam akasikia. "Mtoto gani? Mtoto wa nani?"

Mzee akamweleza yote, tangu fundi wa mashua. Kwa fahari! "Huyu," akamalizia, "nimemfunza mwenyewe."

Ofisini Madam hakuketi. "Andika barua," akasema. "Ya onyo la mwisho. Kwako wewe."

Nikapiga chapa. Akasema nimekaidi maagizo, nikaandika. Akasema nimeitia kampuni hasara. Nikaandika, nikamuuliza kama anapenda "hasara" au "hasara kubwa". Akapenda kubwa. Akatia sahihi. Akapiga meza.

"Peleka!"

Safari hii sikumchezea. Nikafungua daftari la kupokelea barua pale pale mbele yake, nikajaza. Kutoka: Meneja. Kwenda: Katibu. Imeletwa na: Katibu. Imepokelewa na: Katibu. Saa: kumi na dakika tano. Nikajikabidhi barua kwa mikono miwili, nikajishukuru, nikatia sahihi, nikamsogezea aone.

Madam akalisoma daftari mstari kwa mstari. Midomo ikamcheza. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Alicheka au alilia, sijui mpaka leo. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, nene, hazivushi sauti.