Jozi mbili kati ya arobaini

Mpwa wangu ana miaka 20, juzi kanitumia matokeo ya kale kajaribio ka maswali 12 ka "tabia za giza", unarsisi wake (kujiona bora na kutaka kusifiwa) eti uko juu, akaniuliza mjomba ina maana mimi ni mtu mbaya? Sikumjibu haraka.

Tuanze na haki ya waliotunga hivi vipimo, manake sio wajinga. Paulhus na Williams, Kanada, 2002, waliwapima wanafunzi 245 wakaonyesha hizo tabia tatu za giza, unarsisi, umakiaveli (kuwachezea watu kwa hila) na usaikopathi (kukosa huruma na majuto), zinagusana ila sio kitu kimoja. Madodoso matatu ya zamani ukiyaunganisha ni maswali 91, nani atayajaza kwa makini hadi mwisho? Ndo 2010 Jonason na Webster wakabana mpaka 12, manne kwa kila tabia. Na wale wanaosema mjanja hawezi kukiri ujanja wake wanasahau madodoso haya hujazwa bila jina, watu wanakiri mengi sana wakijua hawajulikani. Kwa kulinganisha makundi ya watu, hiki ni chombo halali kabisa.

Shida inaanza pale wastani wa kundi unapobandikwa usoni kwa kijana, na hapa mimi bado nina kinyongo na ile takwimu ya 2008 ya mwanasaikolojia Jean Twenge na wenzake. Walichukua sampuli 85 za wanafunzi wa vyuo Marekani, zaidi ya watu 16,000, wakasema karibu theluthi mbili ya wanafunzi wa karibuni wanapita wastani wa unarsisi wa wale wa 1979 hadi 1985. Theluthi mbili! Inatisha kweli, mpaka ukumbuke kwamba hata kwa wale wa zamani wenyewe karibu nusu kwa kawaida huwa juu ya wastani wao, halafu uangalie maksi zenyewe, dodoso walilotumia, la unarsisi peke yake, lina jozi 40 za sentensi, unachagua moja kila jozi, na wastani ulitoka kama 15 ukafika kama 17. Jozi mbili tu, kwa miaka yote hiyo. Na humo kuna jozi ya kujiona kiongozi mzuri, kuna ya kusema msimamo wako bila woga, kuna ya kupenda kuutazama mwili wako, zote zinahesabika sawa. Binti aliyelelewa asiogope kusimama mbele za watu anaongezewa maksi ile ile anayoongezewa mtu anayejiona kaumbwa kuwatawala wenzake. Jumla haikwambii nani ni nani.

Halafu umri. Brent Roberts na wenzake walionyesha 2010 kwamba wanafunzi wana maksi za juu kuliko wazazi wao, na wazazi kuliko babu na bibi, yaani ni ujana huo, unapungua mtu akikua. Na 2017 Eunike Wetzel na wenzake, kwa makumi ya maelfu ya wanafunzi, wakakuta unarsisi umeshuka tangu miaka ya 1990. Hiyo haikuvuma.

Basi nikamwambia mpwa wangu anisomee yale maswali manne ya unarsisi. Anataka watu wavutiwe naye, wamjali, anatafuta hadhi, anategemea apendelewe. La mwisho tumeliongea sana, hilo kweli lina neno. Lakini kutafuta hadhi, binti wa miaka 20, ndo kwanza anaomba kazi yake ya kwanza?