Ukishuka Chini, Shuka na Kitu cha Kukatia

Mita 18 chini ya maji, kaskazini mwa Unguja, mguu wangu wa kulia ulikataa kunifuata. Nilikuwa napiga mapezi kuambaa na mwamba, mkondo ukinisukuma taratibu, mara nikahisi kama mtu amenishika kifundo. Nikageuka kutazama. Kugeuka kule ndiko kulikoniharibia. Mshipi wa kuvulia wa nailoni ulionasa kwenye pezi ulizunguka paja, ukapanda mgongoni, ukajifunga kwenye shingo ya mtungi wa hewa, mahali ambapo jicho halifiki na mkono hufika kwa taabu.

Kisu nilikuwa nacho. Kirefu, kizuri, nilikinunua kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao, nami nilikuwa nikikifunga kwenye muundi wa mguu wa kulia. Mguu uleule. Mwenzangu alipofika akajaribu kukichomoa, hakikutoka. Chumvi na kutu vilikuwa vimekigandisha ndani ya ala. Yeye hakubeba chochote. Alinifungua kwa vidole, duru moja baada ya nyingine, nami macho kwenye geji, kipimo cha hewa iliyobaki. Tulipanda salama, lakini usiku ule sikulala.

Tangu siku ile nimekuwa nikibishana na wazamiaji wenzangu, na msimamo wangu haujabadilika: asishuke mtu na mtungi mgongoni bila kitu cha kukatia mwilini mwake. Simaanishi jambia la kutishia papa. Namaanisha kitu kidogo, chenye makali, kinachofikiwa na mikono yote miwili.

Wageni wengi wakija kwetu huuliza habari za papa. Mimi huwaambia papa wa kwetu wanatukimbia, na kinachofaa kuogopwa ni uzi. Mvuvi wa mshipi ndoana yake ikikwama kwenye matumbawe, huvuta, huvuta tena, mwisho hukata juu kwa juu, na mita kadhaa za nailoni hubaki zikipepea chini. Ndani ya maji nailoni haionekani, unaijua ikishakugusa. Kuna vipande vya nyavu vilivyokatika wakati wa kusi. Kuna kamba za madema, ile mitego ya samaki. Na kuna jarife, nyavu za macho makubwa zinazotegewa papa na samaki aitwaye taa, ambazo hufika kina ambacho mzamiaji wa kawaida hafiki. Huko Tanga, jarife hizo ndizo zilizowanasa silikanti, yule samaki wa kale ambaye kwa ajili yake Tanzania ilianzisha hifadhi ya bahari huko mwaka 2009. Wavu unaomkamata samaki wa namna ile hautashindwa na mapezi yangu. Nyavu za uzi mmoja wa nailoni zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, lakini marufuku haiziondoi zile ambazo tayari zimelala chini, na nailoni haiozi.

Hoja ninayoisikia mara nyingi ni kwamba mwenzako yupo, ndiyo maana tunashuka wawiliwawili. Kweli, na mimi niko hai kwa sababu ya mwenzangu. Lakini atakukata kwa nini, kwa meno? Na akinaswa yeye, utamfaa kwa kitu gani? Halafu kuna hesabu ya hewa, na hii kila mzamiaji aipige mwenyewe. Mtungi wa lita 12 uliobaki baa 80, kipimo cha shinikizo la hewa, una lita 960 za hewa. Ukiwa mita 20, shinikizo ni mara 3 ya juu, kwa hiyo mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa nchi kavu, kule hutumia 60. Hizo ni dakika 16, tena za mtu aliyetulia. Aliyefungwa hatulii. Pumzi ikienda mbio maradufu, zinabaki dakika 8, na humo humo itoke hewa ya kupandia na ya kusimama dakika 3 kwenye mita 5. Kufungua fundo kwa vidole ndani ya dakika hizo ni bahati, nami bahati hiyo nimeshaitumia.

Hoja ya pili naiheshimu zaidi, nayo ni ya hifadhi. Kule Cozumel, Mexico, hifadhi ya bahari hairuhusu mzamiaji kushuka na kisu wala glavu, kwa sababu mtu mwenye kisu huanza kuchokoa chaza na kubandua matumbawe. Nimeyaona hayo kwetu pia, na yaliniuma. Ila dawa yake ni kuchagua chombo. Kuna kikata-uzi, kipande cha plastiki au chuma kinachoenea kiganjani, chenye wembe uliofichwa ndani ya upenyo mwembamba. Wanaoruka kwa miavuli angani nao hubeba cha namna hiyo. Hakichokoi wala hakibandui. Unapitisha uzi kwenye upenyo, unavuta, umekatika.

Na hata ukiondoa suala la hifadhi, bado ningekichagua hicho kuliko kisu. Kisu kinataka uzi ukazwe, maana yake mkono mmoja ushike uzi na mwingine ukate, na hapo umeshamaliza mikono. Tena mahali uzi unapopenda kunasa zaidi ni shingo ya mtungi, palepale inapoanzia mipira ya hewa. Fikiria kupapasa nyuma ya kisogo chako, huoni, moyo unadunda, na mkononi una ncha kali karibu na mpira unaokuletea pumzi. Upenyo wa kikata-uzi haumezi mpira wa hewa. Kwa kamba nene, kama za madema, nabeba na mkasi wenye ncha butu, ule wanaotumia watu wa ambulensi kukatia nguo za majeruhi. Wa kwangu hukata hata waya mwembamba ambao wavuvi wa papa hufunga juu ya ndoana, na waya huo wembe hauuwezi kabisa.

Kikata-uzi changu kiko kifuani, kwenye mkanda wa bega wa jaketi, lile vazi la kujazwa hewa linaloshikilia mtungi. Mkasi uko kiunoni upande wa pili. Nikirudi naviosha kwa maji yasiyo na chumvi, navikausha, navipaka mafuta kidogo, na kila mwisho wa mwezi najaribu kukata mshipi na kamba barazani nikiwa nimefumba macho, kwanza kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Watoto wa jirani hunizunguka kutazama. Watazame tu. Ukihisi umeshikwa, usizunguke kama nilivyofanya mimi. Simama, pumua, rudi nyuma kidogo uzi ulegee, mwite mwenzako, ndipo ukate.

Sasa kuna jambo ambalo wenzangu wengi hawaligusi. Si kila wavu ulio chini ni taka. Ukiona maboya juu, na nyuzi safi zisizoota mwani, huo umetegwa, na una mwenyewe anayelisha watoto kwao. Nimewahi kumwona mzamiaji akikata wavu wa namna hiyo akidhani anaokoa bahari. Alikuwa na nia njema na alimtia hasara mtu masikini. Wavu wa watu kaa nao mbali, na ukikunasa, kata macho yale tu yaliyokushika, kisha ukifika nchi kavu nenda dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, ukaseme.

Mimi nimewahi kwenda. Mgeni wangu alinaswa pezi, nikakata macho kama sita, na alasiri nikamtafuta mwenye wavu kupitia kwa bwana diko, msimamizi wa pale. Nilimkuta mzee amekaa chini ya mkungu, wavu umemlalia miguuni, sindano ya kusukia mkononi. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwambia niko tayari kulipa. Akalitazama lile tundu, akanitazama mimi. "Tundu nitaliziba, mwanangu," akasema. "Mtu ningemzibaje?" Hakutaka pesa. Aliniuliza kile nilichokatia kikoje, nikakitoa, akakijaribu kwenye kipande cha mshipi mara tatu.

Wanaoendesha vituo vya uzamiaji ndio ninaowaomba zaidi. Mgeni hukodishwa mtungi, jaketi, miwani, mapezi, hadi fulana ya kuzuia baridi, lakini hakodishwi kitu hiki ambacho bei yake haifiki ya pezi moja. Kishonwe kwenye jaketi la kukodi, na kabla ya chombo kuondoka kila mtu aonyeshwe kilipo na akiguse kwa mikono yote miwili. Ninapofanya kazi sasa nimeliomba hili mara mbili. Sisi tunaoongoza wazamiaji sote tumeshapewa. Majaketi ya wageni bado, na mkutano ujao nitaomba tena.