Raba ya elfu mbili au ya elfu kumi na tano? Hesabu ya mkimbiaji wa Kisumu

Waulize wakimbiaji wa asubuhi mjini Kisumu walinunua raba zao pesa ngapi, na mazungumzo ya amani yamekwisha. Kuna wanaoapa kwamba anayejali magoti yake hana budi kuingia dukani na kutoa elfu kumi na mbili, kumi na tano, hata ishirini. Na kuna wanaocheka wakisikia hivyo. Raba zipo soko la Kibuye kwa elfu mbili, watakwambia, na mabingwa wetu walianza bila hata hizo. Nimewasikiliza wote, kwenye barabara ya kuelekea Dunga na kwenye kundi la WhatsApp lisilolala, na naona kila upande una hoja moja nzuri na moja mbovu. Bahati mbaya, wote hupenda kuitetea ile mbovu.

Tuanze na wa bei ghali, maana ndio wenye sauti. Wanasema lami ni ngumu, na goti likishaharibika utalipa hospitalini mara kumi ya ulichookoa dukani. Inaingia akilini. Lakini ndani yake kuna dhana kwamba kinga hupanda pamoja na bei, na hapo ndipo hoja inapoyumba. Watafiti wa Dundee, Uskoti, waliipima dhana hiyo na kuchapisha majibu yao mwaka 2008 katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo. Walichukua viatu vya kukimbilia vya kampuni tatu, vya bei ya chini, ya kati na ya juu, kati ya pauni 40 na 75, wakapima shinikizo linaloufikia wayo na kuwauliza wavaaji walivyojisikia. Vya bei ya chini na ya kati havikupitwa na vile vya juu. Hata hivyo wapenzi wa bei nafuu wasishangilie mapema. Kiatu cha pauni 40 kilikuwa kiatu halisi, kipya, cha kampuni inayoijua kazi yake. Utafiti ule hauwatetei wanaonunua kopi kando ya barabara.

Hoja yao nyingine ni uimara: toa pesa mara moja, usahau. Hii inafaa kupigiwa hesabu. Kwa makadirio ya kawaida sponji ya soli hudumu kilomita 500 hadi 800 kabla ya kulala, yaani kubonyea isirudi juu. Tuseme kiatu kipya cha 14,000 kimekufikisha kilomita 700. Kila kilomita imekugharimu shilingi 20. Sasa chukua mtumba mzuri wa 2,500 uliobakiza nusu ya maisha yake, kilomita 350. Hapo ni shilingi saba na ushee. Hata ukikosea kidogo katika kukadiria, mtumba bado uko mbele.

Na ukipanda hadi juu kabisa ya ngazi ya bei, uimara badala ya kuongezeka unapungua. Kiatu cha Adidas kiitwacho Adizero Adios Pro Evo 1, ambacho Mwethiopia Tigst Assefa alikivaa Berlin Septemba 2023 alipokimbia marathoni kwa saa 2:11:53, kilitoka kwa bei ya dola 500. Kina uzito wa gramu 138, na kampuni yenyewe ilisema ni cha marathoni moja pamoja na mazoezi kidogo ya kukizoea. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni 64,500. Nyongeza ya Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mshahara wa kibarua katika majiji yetu kwenye shilingi 16,113 kwa mwezi. Miezi minne ya jasho, mbio moja.

Kuna watakaosema Assefa ni mtu wa kazi, na kazi inataka vifaa. Sawa. Lakini viatu vya aina hiyo, vyenye bamba la kaboni ndani ya sponji nene, vimeanza kuonekana hapa kwetu kwenye miguu ya watu wanaokimbia kilomita tano kupunguza tumbo. Sifa zake zilianza mwaka 2017, Nike ilipotoa Vaporfly kwa dola 250 na watafiti wa Colorado wakapima wakimbiaji 18 na kukuta wanaokoa nguvu kwa wastani wa asilimia 4. Wastani ni neno la kuangaliwa vizuri. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mwingine uliowapima Wakenya saba wa kiwango cha dunia pamoja na Wazungu saba wa ridhaa. Kwa Wakenya, ikilinganishwa na kiatu bapa cha mbio, viatu vya kaboni vilimpa mmoja nafuu ya karibu asilimia 11 na kumrudisha mwingine nyuma kwa karibu asilimia 11. Ikiwa mwanariadha wa kulipwa hawezi kujua atasaidiwa au ataumizwa mpaka apimwe maabara, sielewi mimi na wewe tunanunua nini kwa 32,000.

Basi hoja yao nzuri ni ipi? Ni kwamba kiatu kipya hakina historia. Hakuna aliyekitangulia kukikanyagia upande mmoja. Tena dukani unachagua saizi na upana, unavaa vyote viwili, unatembea nacho sakafuni, na ukibanwa vidole unaomba nusu saizi ya juu. Kibuye saizi ni ile iliyoko, na mguu hulazimishwa kukubali. Kwa mtu mzito, au mwenye jeraha la zamani, au mwenye wayo mpana ambao mtumba hauujui, uhuru huo una thamani ya pesa. Ni jambo la kawaida kabisa, ndiyo maana sioni likitajwa kwenye mabishano. Watu wanapenda zaidi kutaja kaboni.

Upande wa pili nao una hadithi yake wanayoipenda: pekupeku. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 bila viatu, kwa saa 2:15:16. Kweli. Lakini miaka minne baadaye, Tokyo, alishinda tena kwa saa 2:12:11, na safari hiyo alikuwa amevaa viatu. Nusu hiyo ya pili haisimuliwi. Wenye kusoma zaidi watakutajia Daniel Lieberman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye kazi yake katika jarida la Nature mwaka 2010 iliwahusisha pia wakimbiaji wa Bonde la Ufa. Waliokulia pekupeku wengi walitua kwa mbele ya wayo au katikati, na kuukwepa ule mshtuko wa kisigino. Nalo ni kweli, ila soma vizuri: waliokulia. Hao ni vijana wepesi ambao miguu yao ilifunzwa na njia ya udongo tangu utotoni. Afisa wa kaunti mwenye kilo 95, aliyeanza kukimbia Januari baada ya daktari kumwonya kuhusu presha, hawezi kuikopa miguu yao kwa kununua raba nyembamba.

Hoja yao nzuri iko sokoni, na inahitaji macho. Jumapili Kibuye, raba hupangwa juu ya turubai zikiwa zimesuguliwa kwa mswaki na sabuni mpaka nyuzi zinang'aa. Muuzaji anakuita "mkubwa", anakuhakikishia ni kamera, yaani chaguo la kwanza la bale, na anataja elfu nne akitarajia umpe mbili na nusu. Usiangalie juu, juu ndiko alikosugua. Geuza kiatu. Kisigino kikiwa kimelika sana upande wa nje, mwenyewe wa kwanza alikimaliza. Kisha bonyeza sponji kwa kidole gumba pembeni, hapo kati ya kisigino na unyayo: ikiwa na mikunjo mingi ya kulala na hairudi juu, imekufa hata kama rangi ni mpya. Weka viatu vyote viwili mezani uviangalie kwa nyuma kama vimesimama wima au vimeinama. Halafu funua ulimi usome kibandiko cha ndani. Kampuni nyingi huandika hapo namba ya modeli, na baadhi huweka tarehe ya kutengenezwa. Namba hiyo ukiiandika kwenye simu itakuonyesha kiatu chenyewe kikoje. Isipofanana na ulichoshika, umeshapata jibu.

Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua kuliko mtumba. Kati ya mtumba wa 2,500 na kiatu halisi cha 14,000 pameingia kitu cha tatu: kopi mpya, kwenye sanduku, kwa 1,800 au 2,200, yenye nembo kubwa kuliko ya mwenye nayo. Watu huipenda kwa sababu ni mpya, na heshima ya kitu kipya si jambo dogo kwetu. Lakini soli yake mara nyingi ni kipande kimoja kigumu, kizito, kilichobandikwa kwa gundi ambayo joto la Kisumu huilegeza. Ndiyo maana utaona mtu anatoka kununua na kwenda moja kwa moja kwa fundi wa kando ya barabara, raba haijakanyaga chini, ishonwe soli kuzunguka kwa uzi mnene wa nailoni. Fundi anatoboa kwa msharasi, anavuta, anakaza, anapokea mia na hamsini au mia mbili. Kiatu sasa hakitabanduka, ni kweli. Ila uzito haujapungua, na kwenye viatu uzito hulipiwa: kila gramu 100 kwenye kiatu huongeza takriban asilimia 1 ya nguvu unayotumia kukimbia. Kwa kutembea mjini kopi haina ubaya. Kwa kukimbia, kati ya kopi mpya na mtumba uliokaguliwa vizuri, mimi nachukua mtumba bila kufikiri mara mbili.

Kuhusu watoto sina maneno mengi. Mguu wa mtoto wa shule hauzingoji raba zichakae, unazihama. Anayemnunulia mwanawe kiatu cha elfu nane cha michezo ya muhula ananunua kiatu cha mdogo wake. Ngoma za Bata au mtumba unaomtosha, basi, labda awe ameingia timu ya shule na anakimbia kila siku. Njumu ni habari nyingine, na humo mitumba ya Ulaya inawashinda wengi kwa ubora.

Sasa pesa ziende wapi? Kuna utafiti wa Luxembourg, uliochapishwa mwaka 2015, uliowafuata wakimbiaji 264 kwa wiki 22. Waliokuwa wakibadilisha jozi zaidi ya moja walikuwa na hatari ya kuumia iliyo chini kwa asilimia 39 kuliko waliong'ang'ania jozi moja. Hauthibitishi kwamba kubadilisha ndiko kulikowaokoa. Huenda wenye viatu viwili ni watu waangalifu tangu mwanzo. Lakini kwa mfuko wa hapa unafungua mlango ambao wabishi wetu hawauoni. Mwenye elfu sita hana haja ya kungoja zifike kumi na tano. Anaweza kupata jozi mbili nzuri za mtumba, moja ya lami, nyingine yenye meno ya njia za udongo, na kwenye msimu wa mvua moja inakauka wakati nyingine inafanya kazi. Anayeishi Nakuru na kupanda kuelekea Menengai, au anayeingia njia za msitu wa Kakamega, ataona faida ya hayo meno mapema kuliko faida ya sponji yoyote.

Duka ningelipendekeza kwa wachache: aliyevuka kilomita 40 kwa wiki, anayejiandaa kwa marathoni, anayerudi kutoka kwenye jeraha, na yule ambaye saizi yake haipatikani kwenye turubai. Hao watoe elfu kumi kwa moyo mweupe. Ila wasichukue modeli iliyotoka juzi. Kampuni hizi hutoa toleo jipya karibu kila mwaka kwa mabadiliko ambayo mara nyingi ni ya rangi na kitambaa cha juu, na lile la mwaka jana hushushwa bei likiwa bado kwenye sanduku lake. Ulizia hilo kwanza, na uende jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa kazi ya siku, na soksi zako za kukimbilia mfukoni.