Mkopaji alegezewe, vitabu vikazwe

Uchumi ukiyumba, watu wa vihatarishi benki, yaani wanaopima hatari ya hasara, huanza kuvutana. Mmoja anasema kaza: simamisha mikopo mipya, uza dhamana mapema, kusanya ukwasi, yaani fedha za kulipia mara moja. Mwenzake anasema legeza, kwa kuwa ukimbana mteja leo unaua biashara ambayo ingepona mwakani.

Wanaokaza wana hesabu upande wao. Chukua benki yenye mali za 100: amana za wateja 92, mtaji 8. Mikopo ya 3 ikipotea, hasara inakatwa kwenye mtaji, unabaki 5. Kama sharti ni mtaji usishuke chini ya asilimia 8 ya mali, na wenye hisa hawataki kuongeza hata senti, mali inabidi zishuke hadi 62.5. Hasara ya 3 tu, na zaidi ya theluthi ya mali inaondoka! (Kanuni halisi hupima kila mali kwa uzito wa hatari yake, lakini mwelekeo ni huohuo.) Meneja anayegoma kukopesha hapo si mwoga, anajua kujumlisha na kutoa.

Tatizo ni pale benki kumi zinapopiga hesabu hiyohiyo wiki moja. Majengo na mashine zilizowekwa dhamana zinamwagwa sokoni, bei zinaporomoka, na dhamana za wakopaji wazuri nazo zinapwaya. Basel III, kanuni za kimataifa za mtaji wa benki zilizokuja baada ya mtikisiko wa 2008, ililiona hilo. Juu ya kima cha chini iliweka akiba ya mtaji ya asilimia 2.5, na nyingine ya hadi asilimia 2.5 ambayo mdhibiti huidai mambo yakiwa mazuri na kuiachia yakiharibika. Kwenye karatasi inapendeza. Ila benki inayogusa ile akiba ya kwanza hubanwa kutoa gawio, na soko huanza kunong'ona kwamba ni mgonjwa, kwa hiyo wengi huilinda kama vile haikuwekwa itumike.

Sasa njoo kwenye meza ya afisa mikopo. Faili liko mbele yake: mteja amelipa miezi 30 bila kuchelewa, sasa marejesho mawili yamempita. Kwenye mfumo anasomeka "siku 60", sawa kabisa na jirani yake ambaye biashara imekufa. Kuwatofautisha kunahitaji simu, taarifa ya akaunti ya miezi sita na orodha ya wanaomdai na anaowadai. Kama wanunuzi wake bado wapo ila wanachelewa kulipa, kumpangia upya mkopo ni busara. Kama wameshahama, muda wa ziada unanenepesha deni tu.

Ulegezaji usiotofautisha una historia mbaya. Japani, baada ya bei za hisa na ardhi kuanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, benki ziliendelea kuzikopesha kampuni zilizokwisha kufa kibiashara ili zenyewe zisikiri hasara. Mikopo ambayo ingekuza kampuni mpya ikaishia kuwalisha wafu.

Na hasara isiyokiriwa haitoki kwenye mikopo chechefu (isiyolipwa) peke yake. Silicon Valley Bank ya Marekani ilijaza hatifungani (hati za kuikopesha serikali au kampuni) za muda mrefu riba zikiwa chini. Riba zilipopanda 2022, thamani ya hatifungani hizo ikashuka. Sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitajwa kwenye maelezo ya hesabu bila kugusa mtaji. Tarehe 8 Machi 2023 ikatangaza hasara ya takriban dola bilioni 1.8 kwa hatifungani ilizouza. Kesho yake wateja wakaomba kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, na tarehe 10 ikafungwa.

Kwa hiyo mimi niko na wanaolegeza, kwa sharti moja: mkopaji apewe nafuu, vitabu vya hesabu vya benki visipewe. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 9, kilichoanza 2018, kinataka benki itenge fedha kwa hasara inayotarajiwa bila kungoja itokee. Wakosoaji wanasema hilo linabana mtaji wakati mbaya kabisa, na hawajakosea. Lakini bodi inayoona maumivu mapema bado ina nafasi ya kutafuta mtaji. Nami ningeanza na kanuni ndogo: mkopo uliopangwa upya kwa mara ya tatu usihesabiwe tena kuwa mzima, hata kama rejesho la mwezi huu limeingia.