Polisi wa amri moja, Sungusungu wa kila kijiji

Ng'ombe wakiibwa usiku katika vijiji vya Nzega au Igunga, mwano, yaani yowe la kuita msaada, hupigwa kabla ya simu ya polisi. Firimbi zinaitikiana, wanaume wanatoka na pinde, mishale na tochi, wanafuata alama za kwato hadi mwisho wa kijiji, na hapo wenzao wa kijiji cha pili wanapokea msako. Asiyetoka anatozwa faini. Mara nyingi kituo cha polisi kinapata habari asubuhi, mtuhumiwa akiwa ameshafungwa kamba.

Zaidi ya miaka 40 Tabora tunaishi na walinzi wa aina hizi mbili: polisi wanaopokea amri moja kutoka juu, na Sungusungu, walinzi wa jadi wanaoundwa na wanakijiji wenyewe. Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, na mjadala ukaenda zaidi kwenye mapendekezo makubwa kama kuundwa kwa chombo cha upelelezi kinachojitegemea. Huku kwetu swali linalouma zaidi ni jingine: polisi anawajibika kwa nani?

Jeshi la Polisi lilianzishwa na Waingereza mwaka 1919, makao makuu yakiwa Lushoto, kisha yakahamia Dar es Salaam 1930. Askari wake walikuwa zaidi wa mjini na bomani. Vijijini, hasa baada ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, mwizi alikamatwa na watu wa mtemi, yaani chifu, na kuhukumiwa kwenye baraza lake. Utawala wa machifu ulifutwa 1963, na sioni sababu ya kuulilia, kwa kuwa mtemi yuleyule ndiye aliyekuwa akikukamata na kukuhukumu. Tatizo ni kwamba kazi yake ya ulinzi haikupata mrithi mwenye uwezo. Polisi alibaki mbali, kijijini akabaki balozi wa nyumba kumi.

Baada ya vita vya Kagera silaha zilizagaa na wizi wa mifugo ukageuka ujambazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya upande wa Kahama na Nzega vikajiundia Sungusungu, na kiongozi akapewa cheo kilekile cha ntemi. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuwapa nguvu za kisheria.

Wanaowatetea wana hoja nzito. Sungusungu anajua alama za ng'ombe wa kila boma, haulizi mafuta ya gari, na hakuambii upelelezi haujakamilika mwaka wa tatu. Mnyonge aliyerudishiwa ng'ombe wake wawili usiku uleule hawezi kuwasahau.

Lakini nguvu hiyohiyo imewaangukia wasio na mtetezi. Vikongwe wamehukumiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni jikoni. Wapo waliouawa, wapo waliofukuzwa kijijini. Na adhabu ya kutengwa, ambayo wengi huiona ndogo, ni nzito mno: hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukusalimia kisimani, ukifiwa hakuna anayeshika jembe kuchimba kaburi. Utakata rufaa wapi?

Jeshi la amri moja nalo halina mikono safi. Katika msako wa wauaji wa vikongwe Shinyanga na Mwanza, mwaka 1976, watuhumiwa waliteswa na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Tofauti ni hii: mnyororo wa madaraka ulikuwepo, na Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977. Kwenye Sungusungu hakuna waziri wa kujiuzulu.

Mnyororo huo, hata hivyo, unapanda tu. Konstebo anajibu kwa mkuu wa kituo, mkuu wa kituo kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), OCD kwa RPC (kamanda wa polisi wa mkoa), RPC kwa IGP (mkuu wa Jeshi la Polisi), naye IGP kwa Rais aliyemteua. Pembeni yupo mkuu wa wilaya, mwenyekiti wa kamati ya usalama, ambaye sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inamruhusu kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Mwanakijiji hayumo popote.

Wapo wanaotaka halmashauri ziwe na polisi wake. Sikubaliani nao. Kaliua na Urambo tumeona migogoro ya wakulima na wafugaji, na diwani mwenye mifugo mingi ni sehemu ya mgogoro. Askari aliyehamishiwa huku kutoka Mtwara angalau hana shemeji wa kumpendelea, ingawa akishazijua njia za porini anahamishwa tena.

Naona amri ibaki moja, ila mkaguzi wa polisi wa kata asimame mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu, aseme kesi ngapi zimefunguliwa, ngapi zimefika mahakamani, ngapi zimefungwa na kwa nini. Sungusungu wamkabidhi kila mtuhumiwa kwa mkaguzi huyo siku hiyohiyo anayokamatwa, wasimhukumu. Ibara ya 146 ya Katiba imeshazipa serikali za mitaa jukumu la kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Maofisa watasema upelelezi utavuja, na hofu hiyo ni ya kweli, lakini idadi na hatua za kesi zinaweza kutajwa bila jina la mtoa taarifa.

Kikwazo kikubwa ni umbali. Tabora ina zaidi ya kilomita za mraba 76,000 na, kwa sensa ya 2022, watu karibu milioni 3.4. Mkaguzi asiye na pikipiki atapakiwa na mlalamikaji mwenye nayo, na huyo ndiye atakayehudumiwa kwanza. Wabunge wetu wana nafasi ya kulisema hilo kila mwaka Wizara ya Mambo ya Ndani inaposoma makadirio yake bungeni.