Dhahabu inayomeza mwanga

Kwenye zahanati za Tabora, mtoto mwenye homa hutobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kipimo cha haraka cha malaria, kisha mama anasubiri kama dakika 15 aone iwapo mstari wa pili umejitokeza. Katika vipimo vingi wekundu wa mstari ule ni dhahabu, chembe ndogo mno zilizobebeshwa kingamwili. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliukuta mkoa huu ukiongoza Tanzania Bara kwa malaria ya watoto wa chini ya miaka mitano, kwa hiyo dhahabu hii inatuhusu kuliko hata ile iliyochimbwa Nzega.

Chembe za dhahabu zinaweza pia kubeba DNA badala ya kingamwili. Tangu 1996, mkemia Chad Mirkin na wenzake wa Marekani walipopachika nyuzi za DNA kwenye chembe za namna hiyo kwa kutumia salfa, swali gumu limekuwa hili: kila chembe imebeba nyuzi ngapi, na ngapi kati ya hizo zinafanya kazi, yaani zinanasa uzi mwenza unaolingana nazo? Spektroskopia ya fluoresensi, yaani kupima mwanga unaotolewa na rangi iliyomulikwa, hujibu kwa kuupa uzi rangi inayong'aa, kisha kupima mng'ao.

Wenye shaka na njia hii wana hoja nzito. Dhahabu humeza mwanga wa rangi iliyo karibu nayo. Ukipima chembe kama zilivyo unasoma giza, na giza halikuambii kama nyuzi ni mia au hakuna. Fluoreseini, mojawapo ya rangi hizo zinazong'aa, nayo hufifia asidi ikizidi.

Hata hivyo, jibu limekuwepo tangu 2000. Unatia merkaptoetanoli, kemikali yenye salfa, inazing'oa nyuzi, dhahabu inatolewa kwa sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, na mng'ao wa maji yanayobaki unalinganishwa na ule wa maji yenye nyuzi za idadi inayojulikana na asidi ileile. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba chembe ya nanomita 16 hivi hubeba nyuzi fupi zaidi ya 100, lakini zimebanana kiasi kwamba asilimia 4 tu ndizo zilizonasa mwenza. Zilipowekewa kipande cha kuziinua juu ya dhahabu, zikafika asilimia 44. Kwangu mimi, ugunduzi huo peke yake unalipia usumbufu wote wa njia hii.

Siisemei zahanati; huko mstari wa kuonekana kwa macho unatosha. Ila salfa huiachia dhahabu kwa joto na kwa muda. Kipimo kinachotumia dhahabu yenye nyuzi za DNA kikitaka kuletwa kwetu, kwanza kikae wiki kadhaa kwenye joto la Oktoba la Tabora, halafu nyuzi zihesabiwe upya.