Duka la bangi litafunguliwa mtaa gani?

Siku ya pili ya Idd nyumba yetu ilijaa watu hadi barazani. Mtoto wa kaka yangu, anayeishi Toronto tangu alipokuwa darasa la sita, alikuja mapumziko, na kila aliyekuja kula pilau alikuwa na suali lake la Ulaya, ingawa Kanada si Ulaya na kijana kachoka kulieleza hilo. Kwenye kahawa mazungumzo yakaangukia bangi. Nani aliyaanza sikumbuki. Ninachokumbuka ni yeye kusema, bila ya kushusha sauti, bibi yake kakaa pale pale: "Shangazi, kule kwetu bangi inauzwa dukani. Unaonesha kitambulisho, unachagua, unalipa, unapewa na risiti."

Mama yake akakunja uso. Nadhani lililomchoma zaidi ni lile "kule kwetu".

Kijana hakusema uongo. Kanada iliihalalisha tarehe 17 Oktoba 2018, na kila jimbo likajipangia umri wake: Alberta miaka 18, Ontario anakoishi yeye 19, Quebec 21. Mtu mzima anaweza kutembea na gramu 30 mfukoni na askari asimwambie kitu. Akamalizia kwa kutugeuzia kibao. Kwani nyinyi mnangoja nini? Watu wanavuta, sheha wa mtaa anajua, polisi wanajua, si bora serikali ichukue kodi yake na mapusha wakose kazi?

Nikamwambia, sawa mwanangu, lakini hilo duka litafunguliwa mtaa gani? Watu wakacheka. Mie nilikuwa nauliza kweli.

Mbele ya dirisha langu kuna duka. La mchele, sabuni, vocha za simu, na sigara. Sigara zinauzwa moja moja, kama zinavyouzwa Unguja na Pemba yote. Pakiti iko wazi juu ya meza, kando yake kopo la pipi, na kiberiti kimefungwa kwa uzi kwenye nondo za dirisha kisije kuondoka na mtu. Jioni watoto wakirudi chuoni, kanzu bado mwilini na juzuu kwapani, utamsikia mmoja: "Baba kasema sigara moja na pipi." Muuzaji hanyanyui hata macho. Anatia sigara na pipi kwenye kiganja kimoja, mtoto anafumba mkono, anakimbia. Nishawahi kumuona mmoja akisimama kwenye pembe ya ukuta akiinusa ile sigara, taratibu, kama mtu anayenusa karafuu kujua kama zimekauka. Umri wake miaka minane, tisa.

Simtii makosani muuzaji peke yake. Na mie nilitumwa hivyo hivyo na marehemu baba, na sikuona ajabu.

Sasa hiyo sigara ndiyo kila kitu wanachotuahidi wanaotaka bangi ihalalishwe. Ni halali. Inalipiwa kodi. Ina kiwanda kinachojulikana, na ina onyo la afya limeandikwa kwenye pakiti. Ila onyo liko kwenye pakiti, na mtaani kwangu hakuna anayenunua pakiti.

Wanaotetea uhalali hupenda neno mtu mzima. Mtu mzima aachiwe aamue mwenyewe anachotia mwilini mwake. Mie nusu ya maneno hayo nakubali. Sipendi serikali inayochungulia vyumbani mwa watu. Lakini kwa Kiswahili chetu neno hilo lina mtego: mzima ni aliyepita umri, na mzima ni asiyeumwa. Nimeishi na mtu aliyepita umri na akawa si mzima, nitamfikia mbele. Kwanza nimalizane na duka.

Watu wakitaja nchi zilizohalalisha huzitia zote kapu moja, na hazifanani. Uruguay ndiyo ya kwanza kuihalalisha nchi nzima, Desemba 2013, na serikali ikaishika kwa mkono wake: mnunuzi anajiandikisha, anachagua njia moja kati ya kupanda kwake miche isiyozidi sita, kuingia klabu, au kununua famasi, na famasi hapewi zaidi ya gramu 40 kwa mwezi. Halafu wakaongeza sharti ambalo mie nilipolisoma nililirudia mara mbili. Mtalii hauziwi. Ni kwa raia na wakaazi tu.

Hebu tuwe wakweli. Sisi tungeweza kumfungia mlango mtalii? Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na sisi wenyewe kwa sensa ya 2022 hatufiki milioni mbili. Mwanzoni mwa mwaka huo huo pombe ilipoadimika mahotelini, kelele zake zilifika hadi vyombo vya habari vya Uingereza. Sukari inapoadimika Micheweni, Pemba, kelele hazivuki hata bahari ya kwenda Tanga. Duka la bangi likifunguliwa Zanzibar halitafunguliwa Kwahani wala Jang'ombe. Litafunguliwa Nungwi, Kendwa, Paje, penye mchanga mweupe, na mapapasi, vijana wa ufukweni wanaoinong'oneza leo kwa wageni kwa siri watavalishwa fulana zenye nembo. Wateja wazungu, wauzaji wetu, na masalio yatarudi vijijini kwa bei ya chini. Thailand, nchi ya fukwe kama sisi, waliitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022, maduka yakachipua kama uyoga, na miaka mitatu baadaye wakarudi nyuma wakasema haiuzwi ila kwa cheti cha daktari.

Kwa hiyo, duka silitaki. Nimelisema waziwazi nisije kueleweka vibaya kwa nitakayoyasema sasa.

Wapo ndugu zangu ambao kwao mjadala unaishia kwenye neno moja, haramu. Kila kilevi ni haramu, hadithi inajulikana, na sina la kuipinga wala sitaki. Ila haramu na jela ni vitu viwili. Riba ni haramu, na benki zipo na mishahara yetu inapitia humo humo. Kusengenya ni haramu, na kama kungekuwa na kifungo mtaani kwetu asingebaki mtu wa kupika futari. Wala tusijifanye kwamba ulevi umeletwa na boti la juzi. Neno kasumba, ambalo leo tunalitumia kwa fikra mbovu zilizomkaa mtu kichwani, ni jina la afyuni. Na majuni, kile kitamutamu kinachotiwa bangi, kimo kwenye makamusi yetu ya zamani, na neno haliingii kwenye kamusi bila ya watu kulihitaji. Mirungi huku ni kosa, ukivuka mpaka ukafika Mombasa unaikuta kwenye majani ya mgomba inauzwa mchana kweupe, na Uingereza waliokuwa wakiiachia siku zote wakaipiga marufuku Juni 2014. Jani ni lile lile.

Sasa mdogo wangu. Ni mtoto wa ami yangu, lakini tumelelewa nyumba moja, na mama alimnyonyesha.

Alikuwa mhudumu wa hoteli, shati jeupe, Kiitaliano cha kutosha kumfanya mgeni acheke. Alikamatwa na misokoto miwili ya bangi. Miwili. Alikaa ndani muda wa kutosha kazi yake ipewe mwengine, na alipotoka mlango wa hoteli haukufunguka, mlango wa mchumba ukafungwa, na baba yake akawa anakula peke yake chumbani ili asikae naye jamvi moja. Mahali pekee palipompokea bila ya kumuuliza kitu ni maskani, kijiweni kwa vijana. Huko bangi ilikuwa ndogo. Huko kulikuwa na unga, yaani heroini.

Siwezi kuapa kwamba bila ya ile kesi asingefika kwenye unga. Wengi wanavuta bangi maisha yao yote na unga hawaujui hata rangi. Ninachokiona mie ni kwamba ile kesi ilimkata kamba zote alizokuwa amezishika, halafu tukashangaa kwa nini kaanguka.

Sisi visiwa tumekaa njiani mwa unga. Unatoka Afghanistan, unapakiwa kwenye majahazi pwani za Iran na Pakistan, unashuka na bahari hii hii iliyotuletea tende na mazulia. Kinachodondoka njiani ndicho kinachokuja kuuzwa kete kete nyuma ya skuli. Utafiti wa mwaka 2007 uliwakuta wanaojidunga hapa Unguja asilimia 16 wana VVU, wakati kwa watu wote wa Zanzibar kiwango hakikufika asilimia 1. Nikiisoma takwimu hiyo namuona mdogo wangu na wenzake wanne na bomba moja la sindano.

Arosto, yale mateso ya mtu aliyeukosa unga, niliiona kwa macho yangu chumba cha nyuma cha nyumba yetu. Miayo isiyokwisha kwanza, mtu anapiga miayo mpaka machozi. Kisha kamasi, tumbo, na mifupa. Alikuwa akisugua visigino vyake kwenye sakafu usiku kucha, na asubuhi visigino vilikuwa vinatoka damu. Mama yangu, aliyekuwa akimsomea Yasini mlangoni, akaniuliza: "Hii wanaiita dawa ya kulevya. Dawa gani?" Sikuwa na jawabu.

Tukampeleka soba, nyumba ya kuwasaidia watu waache unga. Sitaitaja ni ipi. Tulilipa kila mwezi, tukauza cherehani na mkufu, na alitoka akakaa vizuri wiki saba. Kwa wengine nyumba hizi za upataji nafuu zimefanya kazi kubwa, na wanaoziendesha wengi ni watu waliopita njia ile ile; nawaheshimu. Yeye hazikumfaa. Kilichomshika ni methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga, ambayo Zanzibar ilianza kutolewa hospitali ya Kidongo Chekundu mwaka 2015, miaka minne baada ya Muhimbili. Kila siku ya Mungu anakwenda kwenye dirisha la hospitali, anapewa maji ya dawa kwenye kikombe kidogo cha plastiki, anakunywa mbele ya nesi, na nesi anamsemesha ajue kama kameza. Basi. Anarudi kazini. Siku hizi ni fundi wa mafriji.

Ndiyo maana nikisikia mjadala umekuwa ni ama duka ama jela, nachoka. Ureno tangu 2001 kuuza ni jinai vile vile, lakini anayekutwa na kiasi cha matumizi yake ya siku kumi hapelekwi mahakamani. Anakwenda mbele ya kamati ndogo ya watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii, wanaomuuliza anaendeleaje na kama anataka tiba. Hilo nalitaka. Wala sikufichi upande wa pili: jimbo la Oregon kule Marekani lilipiga kura mwaka 2020 kuacha kuwakamata watumiaji, fedha za tiba zikachelewa kuwafikia wahitaji, watu wakaachwa wajidunge barabarani, na kuanzia Septemba 2024 wakarudisha kosa la jinai. Waliondoa polisi na hawakuweka kitu pahala pake.

Hapa petu nani angekaa kwenye kamati hiyo? Nilifikiri mara moja sheha, kwa sababu sheha anamjua kila mtu. Kisha nikafikiri, sheha anamjua kila mtu, na mke wa sheha pia. Mzanzibari atakubali faini kuliko kukaa mbele ya jirani yake na kusema ninabwia unga. Hilo sijalipatia dawa. Labda kamati ya wilaya nyengine. Mtu wa Mjini asikilizwe Kusini. Labda waliopona wenyewe wakae humo. Ila anayekutwa na msokoto mmoja asipoteze kazi, mchumba na jamvi la baba yake kwa siku moja, kwa jambo hilo nina uhakika kama nilivyo na uhakika kwamba silitaki duka.

Kijana wetu wa Toronto nilimwambia yote haya uwanja wa ndege, akanijibu: "Shangazi, wewe hutaki kuchagua." Nishachagua, mwanangu. Ni nyinyi mliotuwekea mezani sahani mbili tu.

Mwaka juzi shangazi yetu alifariki Wete. Habari zilifika usiku, na boti ya asubuhi huondoka kabla dirisha la dawa halijafunguliwa. Sote tukaenda. Mdogo wangu akanambia yeye haendi; angeamkia Pemba hana dozi, na Wete anawajua walio nayo ile nyengine. Kule mazikoni wapo walioniuliza yuko wapi, na wapo ambao hawakuuliza, wakasema tu.

Niliporudi siku ya nne nilimkuta barazani kwangu, chai imepoa mbele yake. Akaniuliza kaburi liko upande gani. Nikamwambia, kando ya ami, ukishapita mfenesi. Akatikisa kichwa mara mbili tatu kama anayelikariri. Kisha akaniuliza kama nina nauli ya kesho asubuhi, maana mwenye friji la Mwanakwerekwe bado hajamlipa.